Filamu ipi mpya ya kutazama ukumbini Jumamosi hii, kwa familia inayotoka Bagamoyo na yenye safari moja tu?

Mwalimu wa Dunda

Habari za sikukuu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wapenzi wa sinema waliomo humu, hasa wale waliokwisha kuingia ukumbini tangu wiki ya Krismasi ilipoanza. Nimewaahidi watoto kwamba kabla shule hazijafunguliwa nitawapeleka Dar es Salaam kutazama filamu, na siku pekee niliyobakiwa nayo ni Jumamosi hii ya tarehe 28 Desemba 2024, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa nimezama katika maandalizi ya muhula mpya. Bagamoyo tunayo taasisi ya sanaa inayojulikana nchi nzima, na tamasha lake limekuwa likileta wageni mjini tangu 1982, lakini ukumbi wa sinema hatuna. Kwa hiyo ninyi mnaokaa Sinza au Mwenge, ambao filamu ikiwachosha mnatoka na kuja tena wiki inayofuata, mnisamehe nikionekana kulichukulia jambo hili kwa uzito uliopitiliza.

Tutakuwa watano. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15 na amefikia umri wa kuona kwamba kila anachokipendekeza mama yake ni cha kitoto. Binti anayemfuata ana miaka 10 na anapenda nyimbo. Mdogo wao ana miaka 6 na hajapata kuingia ukumbi wa sinema hata siku moja. Wa tano ni mama yangu mzazi, aliyekulia Ngamiani, Tanga, na ambaye hadi leo ukimtajia kumbi za sinema za Majestic au Novelty atakuhadithia picha la Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho pamoja na nyimbo zake. Nilipomwambia kwamba tunakwenda sinema hakuuliza ni filamu gani. Aliuliza kama ni la Kihindi.

Nimechambua mpaka nikabaki na nne. Ya kwanza ni Mufasa: The Lion King, filamu ya simba, iliyotoka tarehe 20 mwezi huu, yenye urefu wa dakika 118. Ya pili ni Sonic the Hedgehog 3, iliyotoka siku hiyohiyo na yenye dakika 110, ambayo ndiyo chaguo la kijana. Ya tatu ni Moana 2, iliyotoka mwishoni mwa Novemba, yenye dakika 100, na binti ameanza kuimba nyimbo zake kabla hata hajaiona. Ya nne ni Pushpa 2: The Rule, filamu ya India Kusini iliyotoka tarehe 5 Desemba, ambayo ina saa 3 na dakika 20. Kila mmoja nyumbani ana filamu yake, na mimi mwenye nauli sina yangu.

Ninachoomba ni kuelezwa na mtu aliyezitazama: katika hizi nne, ipi itampa kila mmoja wetu kitu cha kuondoka nacho, na ipi inaweza kusubiri hadi ifike kwenye kisimbuzi au kwenye flashi bila kupoteza ladha yake? Ningependa pia kujua kama mtoto wa miaka 6 ataivumilia Mufasa, maana nimesikia kwamba kuna mafuriko ndani yake. Tafadhali msinishauri tugawanyike katika kumbi mbili. Watu wazima ni mimi na mama tu, na mama siwezi kumwacha peke yake na zile ngazi za gizani.

Pazia Jeupe

Mwalimu, salaam kutoka Mikocheni. Nilisoma hapohapo TaSUBa, taasisi ya sanaa uliyoitaja, kwa hiyo habari ya kupanda daladala kwenda kutazama filamu ninaifahamu vizuri. Ninakushauri Mufasa, na sababu yangu haihusiani na umaarufu wa jina lake.

Anayesafiri kilomita zipatazo 60 hana haja ya kuifuata hadithi, kwa maana hadithi itamfuata yeye nyumbani baada ya miezi michache. Anafuata ukubwa wa pazia, giza, na spika zilizozunguka kuta, vitu ambavyo televisheni ya sebuleni haimpi na kibanda umiza hakimpi. Kwa kipimo hicho Sonic 3 inapoteza kidogo sana ikitazamwa nyumbani: ni filamu ya mbio na vichekesho, Jim Carrey anacheza watu wawili, babu na mjukuu wake, na uso wake unachekesha vilevile hata kwenye simu. Moana 2 inapoteza zaidi kidogo kwa sababu ya bahari. Hata hivyo, hiyo ilianza kutengenezwa ikiwa tamthilia ya vipindi kwa ajili ya intaneti, na ni Februari mwaka huu tu ambapo Disney walitangaza kwamba wameigeuza kuwa filamu ya ukumbini. Mimi niliuona mshono. Wale wasafiri wapya wanaopanda chomboni pamoja na Moana wanatambulishwa kama watu ambao kila mmoja ataletewa kipindi chake baadaye, kisha vipindi hivyo haviji.

Mufasa imetengenezwa kwa ajili ya pazia kubwa tangu mwanzo. Mwongozaji wake, Barry Jenkins, ndiye aliyeongoza Moonlight, iliyotwaa Oscar ya filamu bora ya mwaka 2016, filamu ya watu wanaotazamana kwa muda mrefu bila kusema neno, na mpiga picha wake wa siku hizo, James Laxton, yumo tena. Hakuna simba hata mmoja aliyepigwa picha. Kila unyoya wa shingo na kila punje ya theluji ni kazi ya kompyuta. Lakini kamera imepewa mwendo wa mtu aliyeishika mkononi: inamzunguka simba, inamsogelea mpaka uso wake unajaza pazia lote, halafu inarudi nyuma na kumwacha akiwa nukta ndogo katika bonde. Mabadiliko hayo ya ukubwa ndiyo yanayokufa kwenye skrini ndogo, kwa sababu huko uso na bonde vinalingana.

Mafuriko uliyoyasikia yapo mapema. Mufasa akiwa mtoto anachukuliwa na maji na kutenganishwa na wazazi wake. Katika onyesho nililoingia, maji yalipoanza kunguruma kutoka spika za nyuma, mtoto aliyekaa safu ya mbele yangu alikunja miguu akaipandisha juu ya kiti, kama anayeogopa kulowa. Hakulia. Aliyewatisha watoto zaidi ni yule kiongozi wa simba weupe, Kiros, ambaye sauti yake ni ya Mads Mikkelsen na ambaye huzungumza kwa utulivu hata anapotaka kuua. Kuna vifo, ila damu haionyeshwi.

Kasoro zipo na sizifichi. Kila hadithi inaposhika moto, wale wachekeshaji wawili, Timon na Pumbaa, wanaikatiza kwa mizaha, na mara mbili au tatu nilitamani wanyamaze. Nyimbo ni za Lin-Manuel Miranda, yule aliyechangia nyimbo za Moana ya kwanza ya 2016 na ambaye katika Moana ya pili hayumo. Ni nyimbo safi, lakini hakuna hata mmoja uliotoka nami nje ya ukumbi kama zilivyotoka zile za The Lion King ya 1994. Kijana wako atalalamika kwamba simba wanafanana. Ni kweli, katika robo saa ya kwanza wanafanana.

Mama Tegeta

Mwalimu, mimi nina watoto wawili wadogo na ninapenda kuzungumza na mwalimu mwenzangu kwa lugha ya ratiba. Ndugu yetu Pazia amesema vizuri kuhusu kamera, lakini mtoto wa miaka 6 haoni kamera. Anaona kiti kirefu, giza, na choo kilicho mbali. Kwangu mimi Moana 2 ndiyo chaguo la salama, kwa sababu ni fupi kuliko zote nne, ina rangi, ina mzaha wa kuonekana kwa macho, na mtoto asiyejua Kiingereza anaielewa bila kunong'onezewa. Kumbuka kwamba filamu hizi haziwekewi maandishi ya Kiswahili ukumbini, na Mufasa ina maneno mengi: babu nyani anasimulia, wanaosimuliwa wanauliza maswali, na hadithi inakwenda mbele na nyuma. Ukichagua hiyo, wasimulie hadithi nzima ndani ya daladala kabla hamjafika Bunju, ili ukumbini usigeuke mkalimani na kuwakera waliokaa nyuma yenu.

Sasa safari. Ujenzi wa barabara ya mwendokasi kati ya Tegeta na Mwenge umeifanya njia yetu isitabirike, na mwisho wa mwaka magari ni mengi. Chagua onyesho la mchana wa mapema, si la jioni. Tuseme limeanza saa nane: ukiongeza vionjo vya filamu nyingine vinavyotangulia, Mufasa itawatoa ukumbini kama saa kumi na nusu, na bado kuna mwanga wa kutosha wa kufika Bagamoyo hata foleni ikiwa mbaya. Pushpa ikianza saa hiyohiyo, ukiongeza na mapumziko yake ya katikati, mtatoka karibu na magharibi, mtoto amelala begani na mama hajala. Mimi hiyo ningeifuta katika orodha bila hata kuangalia inahusu nini.

Mkienda, shukeni Mwenge mchukue bajaji mpaka Mlimani City, uliko ukumbi. Mkirudi msisubiri gari Mwenge, kwa sababu yanapita yakiwa yamejaa na bibi atasimama hadi Bunju. Rudini nyuma Makumbusho yanakoanzia mpate viti. Mchukulie bibi kanga ya ziada au sweta, kiyoyozi cha ukumbini hakina huruma na wazee. Chagueni viti vya pembeni mwa safu, kuanzia katikati kwenda nyuma. Kama filamu mliyoichagua ina onyesho la 3D na la kawaida, chukueni la kawaida, kwani ile miwani inateleza kwenye pua ya mtoto mdogo na mtautumia muda wote kuiokota sakafuni. Na kabla ya kuondoka nyumbani angalieni ratiba ya siku hiyohiyo, maana mwaka jana ukumbi mmoja ulibadilisha saa za maonyesho nasi tukiwa tayari njiani, tukakaa saa mbili tukitazama madirisha ya maduka.

Jirani wa Upanga

Inanishangaza kwamba Pushpa 2 imefutwa kwa sababu ya saa tu, wakati katika familia hiyo yupo mtu mmoja aliyekulia kwenye kumbi za sinema na ambaye saa 3 kwake ni jambo la kawaida kabisa. Wazee wetu walikuwa wakikaa muda huo na zaidi, wakitoka mapumziko kununua karanga, wakarudi. Wakati huu tunaulizwa filamu ya watoto, lakini bibi naye ni mtazamaji.

Nimeiona, na kwa habari ya pazia kubwa haina mpinzani katika orodha hii. Allu Arjun anarudi kuwa Pushpa, mchukuzi aliyegeuka mfalme wa magendo ya msandali mwekundu, na kuna sehemu ya sherehe ya mungu wa kike ambamo anaingia amevaa sari, amepakwa rangi ya buluu usoni, ana shada la ndimu shingoni, anacheza ngoma mpaka ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwa sehemu ya kwanza ya mwaka 2021 aliipata tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora, akiwa mwigizaji wa kwanza wa filamu za Kitelugu kuipata. Mpelekeni bibi. Watoto watapata filamu zao siku nyingine. Wao wana miaka mingi mbele.

Mdigo wa Chumbageni

Mwalimu, mfikishie mama shikamoo yangu kutoka Tanga. Mwambie anayeandika ni mtu wa Chumbageni ambaye Majestic aliijua kabla ya kuijua barabara ya Korogwe, na ambaye Jumapili yake ya ujanani ilikuwa ni nguo iliyopigwa pasi na foleni ya picha la Kihindi. Nina neno kwa huyu jirani wa Upanga, na neno hilo ninalisema nikiwa mpenzi wa filamu za India tangu enzi za Raj Kapoor na Nargis.

Kumpeleka mzee wa picha za zamani kwenye Pushpa 2 kwa hoja kwamba zote ni za India ni kumdhulumu. Kwanza hiyo ni sehemu ya pili. Nani ni mke wa nani, yule ofisa wa polisi anayechezwa na Fahadh Faasil anamchukia Pushpa kwa sababu gani, kwa nini ndugu zake wa baba wanamnyima jina la ukoo: hayo yote yamejengwa katika sehemu ya kwanza, ambayo peke yake ni ya karibu saa 3. Pili, mapigano yake ni ya kuvunja mifupa kwa karibu sana, na mwishoni kuna utekaji wa binti ambao mimi, mtu mzima, niliutazama kwa shida. Mtoto wa miaka 6 hana kazi pale, na Mwalimu, ukiwa na shaka, uliza kwanza ukumbini Bodi ya Filamu imeiweka katika daraja la umri gani. Tatu, na hili ndilo kubwa, ladha ya picha ambayo mama yako anaitafuta haimo mle. Mle mna ushujaa, tena mwingi. Alichokizoea yeye ni machozi.

Machozi hayo yako wapi katika orodha yako? Nimeitazama Mufasa wiki hii nikiwa na wajukuu, nikiwa sina matarajio yoyote, na nusu saa haijapita nikajikuta nimekaa mbele kwenye kiti, kwa sababu hadithi ile ninaijua. Mtoto anapotezwa na maji, anaokotwa na mtoto wa mfalme, mama mwenye nyumba anampokea lakini baba anamkataa na kusema asiyejulikana damu yake asikae na mwanangu. Wanakua ndugu wawili, mmoja wa kuzaliwa na mmoja wa kuokotwa, na wa kuokotwa ndiye mwenye moyo. Kisha anatokea binti, wote wawili wanampenda, binti anamchagua yule asiye na ufalme, na pendo la udugu linageuka chuki mbele ya macho yako. Wachekeshaji wawili wanaingia katikati ya majonzi, wanavunja watu mbavu, wanatoka. Pazia Jeupe amewalalamikia, lakini kazi yao ni ileile aliyokuwa akiifanya Mehmood, mchekeshaji wa picha za Kihindi, na wazee wote wa Tanga tuliokuwa tukimsubiri Mehmood tunajua kwamba bila yeye picha haliendi. Nyimbo zinaingia mahali pa nyimbo. Siri ya mwisho sitaimwaga, ila mama aje na kitambaa mkononi, na asiambiwe kwa nini.

Kwa hiyo akikuuliza tena kama ni la Kihindi, mwambie waigizaji ni simba.

Kuhusu lugha, ninakubaliana na Mama Tegeta kwamba watoto wasimuliwe kabla, ila kwa mama sina wasiwasi kabisa. Kizazi chetu kilitazama Kihindi bila kukijua. Tulikuwa tukifuata sura na muziki, na aliyekuwa akielewa maneno kidogo aliwanong'oneza wenzake, na kama alikosea hakuna aliyejua. Baadaye wakaja watu wa kariba ya Lufufu wakatafsiri wao wenyewe kwa sauti juu ya filamu, na kusema kweli mara nyingine tafsiri ilikuwa tamu kuliko filamu yenyewe. Mama atakaa pale akitazama uso wa yule ndugu anayeitwa Taka unavyobadilika, na atawaambia ninyi wenye Kiingereza chenu kwamba huyu atasaliti, dakika 20 kabla ya kusaliti.

Shabiki wa Buluu

Naomba niwasemee vijana, kwa kuwa kijana wa Mwalimu ametajwa kisha akasahauliwa. Sonic 3 ndiyo bora kati ya tatu zilizokwisha kutoka, na Shadow, mpinzani wa Sonic, ambaye sauti yake ni ya Keanu Reeves, ana historia ya kuhuzunisha ambayo hata mtu mzima ataiheshimu. Lakini nitakuwa mkweli kwa familia hii: asiyeziona ya 2020 na ya 2022 atapoteza nusu ya ladha, na bibi hatajua kwa nini mnyama mmoja wa buluu anapigana na mwingine mweusi anayefanana naye. Kwa kijana, iacheni hadi aende na wenzake. Nikiwa na miaka 15 sikutaka kuicheka filamu nikiwa nimekaa kati ya mama na bibi. Nilitaka kuicheka na watu wa rika langu.

Pazia Jeupe

Mdigo wa Chumbageni, umenipa kitu ambacho sikukiona. Nilikuwa nikiwapima Timon na Pumbaa kwa kipimo cha Jenkins, ambaye katika filamu zake nyingine hakuna anayekatiza ukimya, na sikuwahi kuwapima kwa kipimo cha picha la Jumapili. Bado ninadhani mara ya tatu wamezidisha. Lakini hoja yako inajibu swali la Mwalimu kuliko yangu, kwa sababu mimi niliichagua filamu kwa ajili ya pazia, nawe umeichagua kwa ajili ya watu watakaokaa mbele yake.

Nyongeza moja kwa bibi na kwa yeyote aliyeiona ile ya 1994 au ile ya 2019: James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Mufasa katika zote mbili, alifariki Septemba mwaka huu, na filamu hii inaanza kwa kumkumbuka. Fikeni mapema msiikose sehemu hiyo. Watu wengi katika onyesho langu walikuwa bado wanatafuta viti kwa mwanga wa simu.

Mama Tegeta

Basi ninaiondoa Moana, kwa sharti kwamba mdogo akae kati ya mama yake na bibi yake, si mwishoni mwa safu karibu na kaka yake, kwa kuwa kaka wa miaka 15 akimwona mdogo wake anaogopa atamwogopesha zaidi. Kiros akianza kuzungumza, mpe bisi ashughulike nazo. Na mpeleke choo kabla ya kuingia hata akikataa.

Mwalimu wa Dunda

Nawashukuru wote, na majibu yenu nimemsomea mama neno kwa neno. Tumeamua kwenda kuitazama Mufasa, onyesho la kawaida lisilo la 3D, la mchana wa mapema, na tiketi nitamwomba mdogo wangu anayefanya kazi Mwenge atununulie Ijumaa, ili tukifika tusianze kupanga foleni na watoto. Tutatoka Bagamoyo saa nne asubuhi. Ni mapema mno, ninajua, lakini ninapendelea kukaa Mlimani City tukisubiri filamu kuliko kukaa Tegeta tukisubiri foleni iishe.

Binti alinuna kidogo kwa ajili ya Moana, mpaka alipoambiwa kwamba mmoja wa watunzi wa nyimbo za ile ya kwanza ndiye yuleyule aliyetunga za Mufasa; hapo akasema basi atazipima mwenyewe. Kijana nimemsomea maneno ya Shabiki wa Buluu. Hakusema kitu, ila baadaye alikuja kuuliza kama mjomba wake atakuwa na nafasi mwezi wa kwanza, na kwamba nauli atajilipia kwa fedha aliyopewa ya sikukuu. Kwa hiyo Sonic nayo imepata siku yake, nje ya bajeti yangu.

Mama aliposikia habari ya ndugu wa kuokotwa aliuliza swali moja tu: huyo ndugu mwovu anakufa? Nikamjibu kwamba katika hii yeye bado ni kijana, kufa kwake kulikwisha kuonyeshwa katika ile ya 1994. Akasema kumbe walianza mwisho wakamalizia mwanzo, na kwamba Majestic wangefanya hivyo watu wangedai fedha zao. Ila amekwisha kutoa sandukuni kanga atakayojifunika.

Mdigo wa Chumbageni, anauliza wewe ni wa mtaa gani hasa, na kama uliwahi kukaa karibu na soko la Ngamiani.